Mama kalificha tenki la DT ya marehemu mzee, kaka anataka niweke injini ya Kichina

Shikamoo fundi,

Pole na majukumu. Naandika kutoka Mafinga, nina miaka 36, nina mke na watoto wawili, nina kaduka ka pembejeo, na kabla sijaendelea naomba usinicheke maana hapa nyumbani nshachekwa vya kutosha.

Marehemu mzee wetu alikuwa bwana misitu huku Mufindi. Sisi wote kwetu tumekua na mlio wa Yamaha DT 175, ile tu-stroku, ya kuchoma oili pamoja na petroli, yenye shokapu moja lililojificha kwa ndani, tenki jeupe lenye mistari myekundu. Kwanza ilikuwa ya ofisi, baadaye walipoziuza kwenye mnada mwaka 1998 akainunua yeye mwenyewe kwa sababu alisema pikipiki nyingine hazijui njia za huku. Kipindi cha moto kule msituni alikuwa anaondoka nayo alfajiri anarudi usiku mweusi kama mchoma mkaa, tukiisikia kwenye kona ya shule mama anaweka maji ya kuoga jikoni. Mzee alifariki 2011, pikipiki ikaegeshwa kwenye banda la kuni ikakaa humo miaka na miaka, kuku wakawa wanatagia kwenye siti.

Mwaka jana mwezi wa pili nikasema naifufua. Nikaihamishia stoo nikaifungua yote, yaani yote fundi, siku tatu tu, na vitu vyote nikaweka kwenye ndoo tatu za lita ishirini, hii ya boliti, hii ya vyuma vidogo, hii ya vyuma vikubwa. Picha sikupiga. Nilijua nitakumbuka. Fremu nikapeleka ikapigwa rangi, inang'aa balaa, madigadi nikanyoosha, stika nikaagiza, siti nikashonesha upya, mpaka hapo imeshakula kama laki nne na nusu na injini hata sijaigusa kwa sababu imeganda. Ukweli ni kwamba kabla sijaitoa kwenye fremu nilijaribu kupiga kiki ikagoma kushuka, nikapanda juu nikaruka kwa miguu yote miwili, ikalia kra! sasa kiki inashuka yenyewe bila kushika kitu chochote.

Halafu watoto. Zile gololi za kwenye shingo ya usukani nilizifungia kwenye kitambaa nikaweka dirishani, wakazikuta, wakaziona ni gololi za kuchezea, na kusema ukweli hata mimi ningeona hivyo hivyo. Zimerudi kumi na tatu, sijui zilikuwa ngapi.

Kaka yangu mkubwa yuko Dar, kila tukiongea ananiambia achana na hilo dude, nunua injini ya Kichina mpya ya 150, mwite fundi wa kuchomelea aibane, utembee kama wenzako. Jumamosi moja akamtuma jamaa wa vyuma chakavu apite "aangalie tu". Jamaa kaja na mizani yake ya kuning'iniza, kaingia stoo, kanyanyua injini kwa mkono mmoja kama anapima kuku, kataja bei. Nikamtoa kistaarabu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, akasema ungemwachia tu tukapata stoo yetu.

Sasa kubwa zaidi ni mama, tunaishi naye hapa hapa. Jumapili yake natoka kanisani nikasema nichukue tenki kesho nilipeleke kwa mpiga rangi, naingia stoo tenki halipo. Watoto wanasema bibi kalibeba. Nimelikuta chumbani kwake, uvunguni, kalifunika na khanga. Namwambia mama nataka kulipeleka likapigwe rangi, ananijibu "lina rangi yake." Siku nyingine nimemwambia tena, akaniambia nenda kaoge ule. Dada anasema mama anazeeka nimwache. Mimi sijawahi kuvutana na mama yangu na sitaki kuanza kwa ajili ya pikipiki, lakini bila tenki nitafanyaje, si ndo imeisha hivyo?

Naomba ushauri wako. Injini ya Kichina niweke au nisiweke? Hii iliyonoki inafufuka kweli? Na mama nimwendee vipi?

Mwenye ndoo tatu, Mafinga

*

Marahaba mwanangu, na kamwene. Sikukucheka, nimecheka kwenye kuku tu, samahani.

Hebu nianze na mama maana ndo swali rahisi kuliko yote ingawa we umeliweka mwisho. Irudie barua yako polepole. Jumamosi jamaa wa vyuma chakavu kaingia stoo na mizani. Jumapili tenki halipo. Umeandika mwenyewe kwa mkono wako, zimefuatana kabisa, na bado unaniuliza. Mama yako hazeeki, mama yako kamsikia mwanae mkubwa kwenye simu, kamwona mtu anapima injini ya mume wake kwa kilo, kamsikia mkwe wake anasema "ungemwachia", akafanya hesabu zake akachukua kile kipande ambacho bila chenyewe hakuna wa kuinunua wala wa kuipanda. Na yeye anachokiona humo stoo ni nini? Ndoo tatu. Pikipiki aliyoijua iliingia nzima, tena imesimama kwa miguu yake, wewe ukaigeuza kuwa boliti. Mwaka na zaidi. Hata mimi ningeficha tenki.

Kwa hiyo usimwendee. Acha tenki lilale uvunguni, halikai kwenye unyevu, halichezewi na watoto, ni stoo nzuri kuliko ya kwako. Na rangi usilipige. Hilo neno "lina rangi yake" lichukue kama lilivyo. Pikipiki imepigwa rangi mpya fremu na tenki limebaki na mikwaruzo yake ya 1998, hiyo sioni kasoro, mbona utaona inapendeza, kuna watu wanalipa hela ili tenki lionekane hivyo.

Na bila tenki unaweza kuiwasha injini. Nitakwambia chini huko. Hilo ndo jambo moja ninalotaka utoke nalo hapa mwanangu, kwamba ulianzia mwisho. Umenunua suti ya harusi kabla ya kupeleka posa. Rangi, stika, siti, hivyo vyote vinasubiri, havina haraka, ila injini ya tu-stroku iliyokaa miaka kumi na zaidi kwenye banda la kuni yenyewe kila masika inayopita inakula kutu kidogo zaidi. Weka laki nyingine kwenye rangi na hakuna mtu humo ndani atakayekuamini. Weka mlio, hata wa dakika moja, hata kama injini imefungwa kwenye fremu tupu, ndo utaona.

Injini ya Kichina. Mi siyo wale wazee wa kumwabudu Mjapani, hizo injini za Kichina zimesomesha watoto nchi hii na ungekuwa unatafuta chombo cha kubebea mbolea ya dukani ningekwambia hata usiweke injini, nunua pikipiki nzima, utatoka rahisi zaidi. Ila kuibana kwenye fremu ya DT ni habari nyingine. Sehemu za kushikia injini haziendani, lazima mtu akate na kuchomelea fremu ambayo umeshaipiga rangi, sprocketi ya mbele haitakaa mstari mmoja na ya nyuma mpaka ubabaishe, cheni itakuwa inakula meno upande mmoja, eksozi lako la tu-stroku halifai kwenye fo-stroku, na namba ya injini haitafanana na iliyopo kwenye kadi kwa hiyo trafiki wa kwanza anayejua kazi yake mnaanza maongezi marefu barabarani. Ukimaliza yote hayo una pikipiki ya Kichina iliyovaa koti la baba yako. Hapana.

Mwambie kaka kwamba Wachina utawatumia ila kwenye tairi. Tairi la mbele la DT yako ni inchi 21 na la nyuma 18, na zile pikipiki za Kichina za porini zinavaa saizi hizo hizo, kwa hiyo tairi na tyubu utapata bila kusumbuka. Atafurahi kusikia ushauri wake umefuatwa kidogo.

Haya sasa injini.

Kuganda siyo kufa. Kwenye tu-stroku iliyoegeshwa, mara nyingi ni ringi zimeshikana na silinda kwa kutu au kwa oili iliyogeuka gundi, basi. Dhambi yako ni ile ya kuruka juu ya kiki. Hapo huenda umevunja meno ya rachi ya kiki au klipu yake, vyote viko nyuma ya kava la upande wa kulia, upande wa klachi, utaviona ukifungua, na bahati nzuri vinabadilishwa bila kupasua injini. Usirudie tena, kwa injini yoyote.

Toa plagi. Toa silinda hedi, ni nati tu, zilegeze kidogo kidogo kwa msalaba usimalize moja kwanza. Utaiona pistoni imekaa mle. Mwagia mchanganyiko wa dizeli na oili ya gia boksi ya gari, ile nyekundu ya otomatiki, nusu kwa nusu, ijae juu ya pistoni, iache. Kesho angalia kama imepungua, ongeza. Siku tatu, wiki, hata mbili, we endelea na duka lako. Halafu chukua kipande cha mti mgumu kilichochongwa duara kinachoingia kwenye silinda bila kugusa ukuta, weka juu ya pistoni, gonga kwa nyundo ndogo, tuk tuk, siyo kwa hasira. Unachotaka ni ijongee hata kwa unywele. Ikijongea kazi imekwisha, itashuka.

Unapovuta silinda juu usiizungushe kulia na kushoto hata kama inashika. Silinda ya tu-stroku ina matundu ukutani, na ncha za ringi zimewekewa vijipini kwenye pistoni ili zisizunguke zikaangukia kwenye hayo matundu, ukizungusha silinda ncha ya ringi inachomoka inadaka tundu na unavunja kitu. Vuta wima. Kabla hujaitoa yote weka kitambaa safi kwenye mdomo wa kreki kesi, yaani tumbo la chini la injini, chini ya pistoni, maana hapo unaenda kutoa klipu za pini ya pistoni na zile klipu zinaruka kama panzi. Ikiangukia ndani bila kitambaa utaigeuza injini juu chini uitikise mpaka usiku. Nishawahi kufanya hivyo, mwaka nisioutaja. Klipu ukizitoa zitupe, unafunga mpya, hizo ndo spea za bei rahisi kuliko zote na ndo zinazoua injini mtu akibana matumizi.

Shika sasa konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, kwa vidole viwili, nyanyua na shusha. Ikienda kushoto kulia kidogo hiyo ni kawaida yake. Ikienda juu chini na ukasikia kak, hata kidogo, basi beringi ya chini imekwisha na itabidi krenki, ule mhimili unaozungushwa na konrodi, itoke ikafanyiwe kazi, hilo ni jambo la kupeleka kwa mtu mwenye mashine na anayejua kuinyoosha, usikubali wa kugonga kwa nyundo. Angalia pia kama ina kutu pale chini, tochi tu itakwambia.

Silinda ikiwa na mikwaruzo inayoshika kucha, itachongwa. Pistoni ya kawaida ya 175 ni milimita 66, injini yenyewe ukipiga hesabu ni sisi (cc) 171, na za kuzidishia zinakwenda kwa robo robo, 66.25, 66.50, mpaka milimita moja zaidi. Sasa hapa sikiliza vizuri. Nunua pistoni KWANZA, ndo umpelekee mchongaji silinda na pistoni kwa pamoja achonge kuifuata hiyo pistoni yako. Watu wanachonga silinda kwanza halafu wanaanza kuzunguka Kariakoo wanatafuta pistoni ya saizi hiyo, wanaikosa, wanachonga tena. Na mwambie akimaliza asage kidogo kingo za matundu, zisibaki kali kama wembe, la sivyo ringi mpya haimalizi mwezi. Ukifunga, mshale wa juu ya pistoni unaangalia eksozi, kule mbele.

Nakuja kwenye kitu ambacho wengi hawakijui na ndo kinachofanya watu waseme tu-stroku za zamani hazifufuki. Oil sili za krenki. Ziko mbili, moja upande wa kushoto nyuma ya magneti, moja upande wa kulia kwenye klachi. Ni mpira, na mpira uliokaa miaka yote hiyo bila oili unakuwa kama kaukau. Injini ya fo-stroku ikivujisha sili inachafua sakafu tu. Tu-stroku inapumulia chini, hewa na petroli vinapitia kwenye kreki kesi kabla ya kupanda juu, kwa hiyo sili ikivuja injini inavuta kisichotakiwa. Ya kushoto ikifa inavuta hewa kavu, mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo, mlio unapanda wenyewe bila kugusa mkono wa mafuta, joto linapanda, na pistoni yako mpya inanoki ndani ya kilomita za kwanza. Ya kulia ikifa inafyonza oili ya gia boksi na kuichoma, unatoa moshi mweupe mtaa mzima unafungwa, na oili ya gia inapungua hakuna inapovujia. Badilisha zote mbili ukiwa umefungua, wala usizijaribu kwanza. Magneti utaitoa kwa pula yake, kile kifaa cha kuivutia, mwombe fundi akuazime, usiitoe kwa kuchokonoa na bisibisi mbili.

Kuhusu bisibisi, zile skrubu za msalaba za kwenye kava za injini za Kijapani siyo sawa na msalaba wetu wa kawaida, zinafanana ila umbo lake ndani ni jingine kidogo, ndo maana bisibisi inateleza na kula kichwa. Tumia bisibisi ya kugonga, ile unayoipiga na nyundo inazunguka yenyewe. Na ukizitoa chukua boksi la katoni, chora umbo la kava, toboa, kila skrubu iingie kwenye tundu lake pale pale ilipotoka, maana hazina urefu mmoja. Ndoo ya nne sitaki kuisikia. Hizo tatu tafuta mchoro wa spea wa modeli yako, ule unaoonyesha kila kipande kimetawanywa, kaa na mkeo jioni moja mpange kwenye makopo. Nasema na mkeo kwa makusudi.

Kabureta fungua, osha na petroli, jeti, vile vitundu vya kupitisha petroli, usizichokonoe na waya wa chuma, tundu likipanuka hata kidogo umeharibu kipimo, tumia uzi mmoja wa waya wa shaba halafu hewa ya pampu. Plagi weka mpya, na uangalie unaponunua maana feki zimejaa, bei ikikufurahisha sana iache.

Kuna kitu kimoja usikiguse kabisa, lile shokapu moja. Ndani lina gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa kwa presha. Usilifungue, usilitoboe, usilipashe moto, usimwachie mtu wa kuchomelea afanye kazi karibu nalo. Hicho kitu Yamaha walikitoa kwenye mashindano, Håkan Andersson alichukua ubingwa wa dunia wa motokrosi wa sisi 250 mwaka 1973 akiwa na pikipiki yenye shokapu la hivyo, baadaye ndo wakaanza kuliweka kwenye DT za kawaida. Kwa hiyo mzee alikuwa anazunguka na teknolojia ya ubingwa kwenye vumbi la Mufindi, mwambie mwanao.

Kuwasha bila tenki. Tafuta tenki dogo la kijenereta kibovu, vile vidogo vya kuchanganya oili, lina koki yake tayari. Lining'inize kwa waya kwenye kitu juu zaidi ya kabureta, mpira wa mafuta ushuke mpaka kwenye kabureta, klipu pande zote mbili. Weka nusu lita tu. Na usiamini pampu ya oili ya DT siku hiyo ya kwanza, ile inayovuta oili kutoka kwenye tenki lake la pembeni, imekaa sana na ina hewa kwenye mipira, changanya oili kwenye petroli kabisa, mililita 50 za oili ya tu-stroku kwa lita moja, hiyo ni moja kwa ishirini. Hapo Mafinga hujapungukiwa, kila mwenye chenso anajua kuchanganya na oili inauzwa kila kona. Baadaye utatoa hewa kwenye pampu kwa ile skrubu yake ndogo, na tenki lote la kwanza utaendelea kuchanganya hivyo hivyo huku unaangalia kama oili ya pembeni inapungua. Ikipungua, pampu inafanya kazi, acha kuchanganya.

Fanya nje, siyo stoo, na uwe na ndoo ya mchanga karibu. Usisahau oili ya gia boksi, watu wanasahau. Na kaa na kitambaa kizito mkononi, ikiwaka na mlio ukaanza kupanda wenyewe usishangae kwa furaha, ziba mdomo wa kabureta itakosa hewa itazima.

Gololi waachie watoto. Hata zingerudi zote ningekwambia usizirudishe, za zamani zina vidonda, unanunua seti nzima mpya, unazipanga kwenye grisi nzito zinakaa zenyewe wakati unafunga. Za zamani na mpya hazichanganywi.

Mkeo naye nisimwache. Stoo ni yake pia na laki nne na nusu siyo hela ndogo kwa duka la pembejeo, halafu ameiona ikiishia kwenye stika. Mwandikie kwenye karatasi kitakachonunuliwa na lini, pistoni na ringi, sili mbili, gasketi, plagi, kuchonga, basi, hakuna kingine mpaka iwake. Na mpe tarehe ya kupata nusu ya stoo yake. Ukiivuka hiyo tarehe usiniandikie mimi.

Na kaka. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Umenisimulia habari nzima na sijaona mahali mlipokaa kama familia mkakubaliana pikipiki ni ya nani. Kadi ina jina la nani? La mzee? Au haikuwahi kutoka kwenye jina la serikali baada ya mnada? Mzee ameondoka 2011, kama mirathi haikufunguliwa basi hiyo DT ni ya wote, ya mama, ya kaka, ya dada na ya kwako, na kaka kutuma mtu wa chakavu hakuwa na haki peke yake kama na wewe usivyokuwa na haki peke yako ya kuifungua boliti zote. Kaeni, mama awepo, muandikishe kikao cha ukoo mumteue msimamizi, muende Mahakama ya Mwanzo, siyo jambo la kutisha. Karatasi za mnada zitafuteni, nadhani unajua nani anazo, huenda ziko uvunguni hapo hapo karibu na tenki. Mpigie kaka wewe kwanza, usimsubiri yeye. Mwambie unataka mchango wake wa pistoni. Mtu akishatoa hela ya pistoni hatumi tena mtu wa mizani.

Tenki usiliulizie tena. Litakapotoka utaliosha ndani kwa siki na vipande vya cheni, utalitikisa, utalikausha, kazi ya siku moja, tutaongea wakati huo.

Siku ukiwasha niandikie, na usisahau kuniambia moshi ulikuwa wa rangi gani na ulichukua dakika ngapi kuisha.